Boma: Neno Dogo na Historia Yake Rungwe

Boma ni neno la silabi mbili ambalo mkazi wa Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe, anaweza kulisikia mara nne kwa siku moja, na kila mara likawa na maana nyingine. Kwenye mkutano wa kijiji, boma ni kuta za zahanati zilizofika usawa wa lenta na kusimama hapo zikingoja bati. Kwa wachumba wasiokwenda kanisani wala msikitini, bomani ndiko kunakofungwa ndoa. Mgeni anayeelekezwa njia ya Masoko huambiwa atazame boma la Wajerumani, majengo ya mawe yaliyo kando ya ziwa la kasoko. Na mchuuzi wa ng'ombe akisimulia safari yake ya Usangu atasema mifugo ililala bomani, yaani ndani ya uzio wa miiba.

Kamusi huzipanga maana hizi kwa utaratibu unaoridhisha akili: kwanza uzio, kisha ngome, kisha ofisi ya serikali, halafu mengineyo. Utaratibu huo ni wa kweli kwa pwani na kwa nyanda za kati za Tanzania. Rungwe mambo yalikwenda kinyume. Huko neno lilifika likiwa tayari limevaa bunduki na bendera, katika nchi ambayo haikuwa na desturi ya kujizungushia uzio, na maana zake za awali zikafuata baadaye.

Askofu Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliotoka mwaka 1870, alilieleza boma kuwa ni lundo la mawe au ukuta wa kujikinga. Pwani ya wakati huo haikuwa na uhaba wa maneno ya aina hiyo. Palikuwa na ua, uzio wa makuti au fito unaosetiri nyumba. Palikuwa na kitalu cha mawe, zizi la mifugo, ngome ya chokaa yenye minara, na husuni kwa wale waliopenda neno la Kiarabu. Boma lilikuwa na nafasi yake miongoni mwa hayo: kizuizi kilichoinuliwa kwa haraka, kwa chochote kilichopatikana. Magogo yaliyochimbiwa ardhini ni boma, matuta ya udongo ni boma, matawi ya mgunga yaliyorundikwa ni boma. Ngome hujengwa na sultani kwa miaka, lakini boma hujengwa na watu wenye hofu kwa siku moja, pengine kwa saa chache kabla ya giza.

Sikio la Kiswahili hulisikia neno hilo pia ndani ya kitenzi bomoa. Viambishi vya -oa na -ua ndivyo vinavyopindua tendo: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kubomoa kungekuwa basi ni kutangua boma. Kama undugu huo ni wa asili au ni wa sauti tu, msemaji wa kawaida hajali. Kwake boma na bomoabomoa ni jozi, na serikali inayokaa katika lile la kwanza ndiyo inayoleta la pili.

Misafara ya karne ya 19 ndiyo iliyolisambaza neno bara. Kila jioni, wapagazi walipotua mizigo yao, kazi ya kwanza ilikuwa kukata miiba na kuzungusha kambi dhidi ya simba, fisi na wezi. Henry Morton Stanley, aliyekwenda Ujiji kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alilitumia neno boma mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka uliofuata, kwa kambi za miiba na kwa vijiji vya Unyamwezi vilivyozungushiwa magogo. Huo ulikuwa wakati wa pembe za ndovu, watumwa na bunduki za gobore, na vijiji vya njia kuu ya msafara vilijifunga kwa kuta. Mwaka 1894 Wajerumani walilazimika kuuvunja kwa mizinga ukuta wa Kalenga, makao makuu ya Mkwawa wa Uhehe.

Mfano ulio karibu zaidi na Rungwe uko kusini, ng'ambo ya mto Songwe. Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alijenga pamoja na wenzake maboma ya magogo na udongo karibu na Karonga katika miaka ya 1880. Kampuni ya Waskoti iliyokuwa na kituo ufukweni ilipigana naye kuanzia mwaka 1887. Frederick Lugard, ambaye baadaye alipata jina kubwa Uganda na Nigeria, aliongoza shambulio mwaka 1888 akapigwa risasi na kurudi nyuma bila ushindi. Boma la Mlozi halikuanguka hadi Desemba 1895, Harry Johnston alipokuja na mizinga na askari wa kutosha. Watu wa Ungonde waliokimbia vita hivyo walikimbilia kaskazini kwa jamaa zao Wanyakyusa wa Rungwe, kwa hiyo hao walijua vyema boma la aina hiyo lilikuwa nini. Wao wenyewe hawakujenga.

Sababu zake ziko katika nchi na katika mila. Unyakyusa umezungukwa: kaskazini kuna mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960 na safu ya Poroto, mashariki ukuta wa Livingstone, kusini Ziwa Nyasa. Katikati ni makorongo ya mito inayoteremka kwa kasi, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mvua isiyokatika kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wasangu na Wangoni walijaribu kuingia, lakini ardhi yenyewe ilifanya sehemu ya kazi ya ukuta. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 21, alipopita mwaka 1879 hakukuta magogo yaliyochongwa ncha. Alikuta migomba, viwanja vilivyofagiliwa na nyumba za mianzi zilizojengwa kwa unadhifu uliomshangaza.

Hata ng'ombe hawakuwa na uzio wao. Mnyakyusa wa zamani alilala na mifugo yake chini ya paa moja. Nyumba ilikuwa ndefu, sehemu ya watu na sehemu ya ng'ombe, na harufu ya samadi ilikuwa harufu ya nyumba yenye heshima. Palipokosekana boma la kujikinga, palikosekana pia boma la mifugo. Kilichotenganisha watu hakikuwa ukuta bali rika. Wavulana wa umri wa miaka 10 hivi waliondoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, na kibanda kwa kibanda kikawa kijiji cha wanaume wa rika moja, ambao baadaye walioa na kuzeeka pamoja. Takriban kila baada ya miaka 30 ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi nchi kwa kizazi kipya na wana wawili wa malafyale, yaani chifu, wakagawana himaya ya baba yao. Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia waliokaa huko kati ya mwaka 1934 na 1938, waliuandika utaratibu huo kwa kina, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika kingali kinasomwa vyuoni. Matokeo yake kwa historia ya neno ni ya wazi: nchi yenye himaya nyingi ndogo, zinazogawanyika kila kizazi, haina mji mkuu. Hapakuwa na Kalenga ya Unyakyusa.

Wazungu wa kwanza kukaa hawakuleta boma. Wamisionari wa Kimoraviani, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, walifika mwaka 1891 na kupiga kambi Rungwe, chini ya mlima. Wamisheni wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika mwaka huohuo upande wa mashariki. Walijenga kwa matofali, wakapanda miti na mboga, wakaanza kujifunza lugha. Misheni ilikuwa kituo, lakini hakuna aliyeiita boma. Tofauti hiyo ilibaki katika usemi: kwenda misheni ni jambo moja, kwenda boma ni jambo jingine, na mtu aliyekorofishana na kimoja alitafuta faraja kwa kingine.

Boma lilianzia ziwani. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza ulikuwa umeifanya Songwe kuwa mpaka, na mwaka 1893 meli ya Kijerumani iliyopewa jina la Hermann von Wissmann ilishushwa majini Ziwa Nyasa. Kituo cha serikali kilijengwa ufukweni Lumbila, chini ya milima ya Livingstone, kikaitwa Langenburg kwa heshima ya Prinsi wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wapenda makoloni huko Ujerumani. Mahali penyewe palikuwa pabaya. Milima ilishuka moja kwa moja majini, joto lilikuwa kali na mbu wengi, na watu ambao kituo kilikusudia kuwatawala waliishi juu, kwenye baridi na migomba. Karibu na mwaka 1900 makao yalihamishiwa kilimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali palipoitwa Tukuyu. Wajerumani wakapaita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, wakihamisha jina pamoja na makabati.

Kwa hiyo Tukuyu haukuwa mji kwanza ukapata boma. Boma lilikuja kwanza. Kituo cha Kijerumani cha enzi hizo kilikuwa na umbo lililorudiwa kutoka Mikindani hadi Arusha: kuta nene, ua katikati, vyumba vimeuzunguka, lango moja, mlingoti wa bendera. Ndani yake kulikuwa na ofisi, ghala la silaha, mahabusu, sanduku la fedha na mahali pa kusikilizia kesi. Nje ya lango kulijipanga nyumba za askari, maduka ya Wahindi, kisha soko. Maafisa wa Kijerumani hawakuwa na neno lao fupi kwa kitu hicho. Walichukua la Kiswahili, wakaliingiza katika lugha yao, hata wakalipa jinsia: kwa sarufi ya Kijerumani boma ni neno la kike.

Walioleta neno hilo Tukuyu vinywani mwao ni askari, makarani, wapishi na wapagazi kutoka pwani, Unyamwezi na kwingineko. Alama yao haijafutika. Kata mbili za mji wa Tukuyu huitwa Bagamoyo na Msasani, majina ya ufukwe wa Bahari ya Hindi yaliyopandishwa kwenye ukungu na mashamba ya chai, umbali wa mamia ya kilomita kutoka kwenye mnazi wa kwanza.

Kwa Mnyakyusa wa mwaka 1905, basi, boma halikuwa uzio. Lilikuwa mahali unapopeleka kodi. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na kiwango cha kawaida cha nyumba ya kijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Asiye na rupia aliweza kulipa kwa kazi ya mikono. Njia ikatengenezwa, mawe yakabebwa, miti ikakatwa. Baada ya muda mfupi neno lilivuka kutoka kwenye jengo hadi kwa watu waliokaa ndani yake. Boma likawa linaita watu, linakataa, linakasirika, linasamehe. Hapo ndipo maana ilipogeuka kabisa, kwa sababu kuta haziwezi kukasirika.

Mgeuko wa namna hii si wa ajabu katika Kiswahili. Baraza lilikuwa kibaraza, benchi la udongo au mawe mbele ya nyumba, kabla ya kuwa mkutano wa wazee, kisha Baraza la Mawaziri. Gereza ni mfano wa kuchekesha zaidi: lilitoka kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, likashikilia ngome za pwani, na kwa kuwa ngome zilitumika kufungia watu, likaishia kuwa mahali pa wafungwa. Kiswahili hutazama jengo, kikauliza kuna nini ndani, kisha kikahamishia jina kwenye jibu.

Mwaka 1914 wilaya nyingi za koloni zilikuwa zimekwishakabidhiwa kwa maafisa wa kiraia. Iringa na Mahenge ndizo pekee zilizobaki mikononi mwa wanajeshi. Neu-Langenburg ilikuwa ya kiraia, lakini jeshi halikuwa mbali. Kikosi cha 5 kiliwekwa Masoko, kusini mashariki ya Tukuyu, kando ya ziwa la kasoko linaloitwa Kisiba. Ndiyo sababu wilaya ina maboma mawili ya Kijerumani, moja la kalamu na moja la bunduki. La Masoko ni la mawe yaliyochongwa, mawe meusi ya volkano yanayopatikana kila mahali katika nchi hiyo, na liko mahali ambapo macho hushuka moja kwa moja hadi kwenye maji tulivu ya kijani.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza upande huo mapema kuliko karibu mahali pengine popote Afrika Mashariki. Tarehe 13 Agosti 1914 nahodha Mwingereza aitwaye Rhoades, wa meli Gwendolen, aliishambulia meli ya Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo mahali panapoitwa Liuli leo. Nahodha wa Kijerumani, rafiki yake wa siku nyingi, hakuwa na habari kwamba nchi zao zinapigana. Mwezi uliofuata kikosi cha Masoko kilivuka Songwe kwenda Karonga kikapigwa na kurudishwa. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yakaingia Neu-Langenburg kutoka kusini. Kwa muda barua za wilaya zilibandikwa stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N na F, kwa ajili ya kikosi hicho. Wakusanyaji wa stempu wanazitafuta hadi leo. Masoko, nako, pamebaki na hadithi kwamba Wajerumani walipoondoka walizamisha hazina yao ziwani, na kila sarafu kuukuu inayookotwa ufukweni huipa hadithi hiyo uhai mwingine. Majengo yenyewe baadaye yalitumika kama mahakama.

Jina Neu-Langenburg liliondoka na wenyewe, na Tukuyu likarudi. Neno boma halikuguswa. Waingereza walilikuta, wakalipenda, wakaliingiza katika barua zao za kila siku bila hata kulitafsiri. Walilipenda kiasi kwamba baadaye kulizuka maelezo yanayorudiwa sana na waongoza watalii, kwamba BOMA ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza kuhusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Maelezo hayo hayana msingi wowote. Steere alikuwa ameliandika neno mwaka 1870, Stanley mwaka 1872, na Wajerumani wa Neu-Langenburg walilitumia kwa miaka kumi na mitano kabla ya Mwingereza yeyote kukalia kiti chao. Ni kawaida ya uvumi wa maneno: watu huona vigumu kuamini kwamba neno la kiutawala lilitoka kwa wapagazi.

Sir Donald Cameron, gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1925, alileta utawala wa kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu madaraka rasmi. Rungwe sera hiyo ilipata taabu ya pekee, kwa sababu iliwahitaji machifu wakubwa wachache katika nchi ya malafyale wengi wanaogawanyika kila kizazi. Ilibidi boma lichague nani ni mkubwa wa nani. Kuanzia hapo kazi ya hukumu ndogondogo ilikwenda barazani, na boma likabaki na mambo mazito: kodi, rufaa, barabara, vibali. Mkuu wa Wilaya aliitwa Bwana Shauri, au Bwana DC kwa wale waliozoea herufi. Vijana waliokosa fedha ya kodi walielekea Lupa, Chunya, ambako dhahabu ilivuta maelfu katika miaka ya 1930, au walivuka mpaka kwenda migodini kusini. Waliporudi walipitia boma kwanza, wakiwa na risiti mkononi, kabla ya kuiona migomba ya kwao. Mwanasosholojia wa serikali, P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti wa ardhi Rungwe katika miaka ya 1950, alikuta vijiji vya rika vikififia chini ya shinikizo la kahawa na uhaba wa mashamba. Kijiji cha rika kilikuwa kinakufa wakati boma linazidi kunenepa.

Hapo hapo neno lilikuwa linatembea kwingine na kuzeeka kwa namna tofauti. Ng'ambo ya Songwe, katika Kichewa cha Malawi, boma lilipanda ngazi hadi juu kabisa: ndiyo serikali yenyewe, ya nchi nzima, na wakati huohuo ni makao ya wilaya, kama Karonga Boma au Chitipa Boma. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga huelewana karibu kila kitu wakizungumza lugha zao, lakini wakitamka boma, mmoja anaona ofisi ya Mkuu wa Wilaya na mwingine anaona Lilongwe. Sudan Kusini walilishusha chini kuliko wote. Huko boma ni ngazi ya mwisho ya utawala, chini ya payam, ambayo nayo iko chini ya kaunti. Mtanzania angeiita kijiji. Katika nchi za Wamasai, Kenya na Tanzania, Kiswahili kimelitumia kwa makazi ya familia pamoja na mifugo yake, kile ambacho wenyewe huita enkang, na watafiti huhesabu watu huko kwa maboma badala ya kaya. Makao makuu ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, yamebeba maana mbili kwa pamoja bila wasiwasi: panaitwa Boma Ng'ombe, na ofisi ya serikali iko hapohapo.

Kenya ilifanya jambo ambalo Kiswahili kisingelifanya chenyewe, yaani kulipa neno wingi wa Kiingereza. Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1971, kilikusudiwa kuonyesha nyumba na ngoma za makabila. Mkutano wa katiba wa mwaka 2003 na 2004 ulifanyika humo, na rasimu yake ikaitwa ya Bomas. Kisha kura za urais zikajumlishwa humo, zikiwemo za uchaguzi wa 2022, na Bomas likawa neno la roho juu, la watu waliokesha mbele ya televisheni. Uzio wa ng'ombe, katika safari hiyo, umeishia kuwa mahali anapotangazwa rais. Bandari ya Boma huko Kongo, makao makuu ya koloni la Mfalme Leopold tangu mwaka 1886, haimo katika ukoo huu. Iko karibu na mdomo wa mto Kongo, upande wa pili wa bara, mbali na njia za Waswahili.

Uhuru wa mwaka 1961 na kufutwa kwa machifu mwaka 1963 kuliondoa washindani wa boma Rungwe. Kile kilichobaki cha mabaraza ya wenyeji kilikwenda na maji ya mwaka 1972, serikali ilipozifuta halmashauri na kuweka utaratibu wa Madaraka Mikoani, na halmashauri hazikurudi hadi mwaka 1984. Wilaya yenyewe ilipunguzwa: Kyela ikajitenga ziwani, Ileje magharibi, na katika miaka ya 2010 Busokelo ikapata halmashauri yake. Kila kipande kilijenga ofisi zake, nyingi za matofali ya saruji na madirisha ya alumini, zisizo na ua wala lango. Wafanyakazi wake husema ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ofisi ya Mkurugenzi, halmashauri. Boma limebaki katika midomo ya wananchi na katika shughuli moja ambayo hakuna neno jingine lililoweza kuiteka.

Shughuli hiyo ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka chini ya paa moja ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali, na hii ya mwisho wote huiita ndoa ya bomani. Wahusika hutoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, na tangazo lenye majina yao hubandikwa mahali pa wazi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Karatasi hiyo hukaa ubaoni pamoja na matangazo ya mnada wa hadhara na nafasi za kazi ya mtendaji wa kijiji, pini moja juu, ncha ya chini ikijikunja kwa unyevu wa Tukuyu. Huenda bomani wenye dini tofauti, waliokataliwa na wazazi, wenye haraka ya safari, na wale wasio na fedha za sherehe. Mtaani ndoa hiyo husemwa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba ina upungufu, ingawa cheti chake kina nguvu sawa na cha kanisani. Pengine ni kumbukumbu ya zamani: bomani palikuwa mahali pa kuitwa, si pa kwenda kwa hiari na maua mkononi.

Maana mpya zaidi ni ya mafundi. Katika hesabu ya ujenzi, nyumba hupita hatua nne: msingi, boma, kupaua, kumalizia. Boma ni kuta peke yake, zimeinuka, zina matundu ya milango na madirisha, hazina paa. Hutangazwa hivyo sokoni: boma linauzwa, vyumba vitatu, karibu na barabara ya lami. Maana hii ina mantiki ya kizamani, maana kuta zisizo na paa ndicho kitu ambacho Steere alikiona, ukuta tu ulioinuliwa kutoka ardhini.

Siasa ndiyo iliyolivuta hadi kwenye magazeti. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwaka 2002 na ule wa sekondari wa mwaka 2004, vijiji vilitakiwa kuanzisha majengo kwa nguvu zao, na serikali kuja kuyakamilisha. Wananchi hufyatua na kuchoma tofali, hubeba mchanga kutoka mtoni, humlipa fundi, hadi boma linasimama. Kisha huandikwa barua. Bungeni maswali juu ya maboma ya madarasa na zahanati ni ya kila mkutano, na jibu la kawaida limekuwa likitaja kiasi cha shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa moja. Karne moja iliyopita boma lilikuwa kitu ambacho serikali ilikijenga kwa jasho la wanakijiji, na wao wakakiogopa. Sasa ni kitu ambacho wanakijiji hukijenga wenyewe, nayo serikali hutakiwa ikifuate huko kilipo.

Rungwe kusubiri kuna gharama ambayo Dodoma au Singida haijui. Mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka hupiga juu ya kuta zilizo wazi. Mwaka wa kwanza tofali za juu hubadilika rangi kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Mwaka wa pili kuvu ya kijani hushuka kutoka kwenye lenta kama pazia. Mwaka wa tatu nyasi huota ndani ya chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia, na mtu mwenye ndama asiye na mahali pa kumfungia huanza kumlaza humo, akiziba mlango kwa fito mbili.